Fungu, Sado na Kilo: Mkazi wa Ilala Anunue Wapi?

Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma hili. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuyasikia.

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilisema hapa, tena kwa ukali kidogo, kwamba mkazi wa Ilala anayenunua vitu vya kupimiwa dukani ilhali Kariakoo ni mwendo wa miguu tu, anachezea fedha zake mwenyewe. Nilipomaliza nilijiona nimesema la maana. Siku mbili baadaye nikapata majibu, wala hayakuja kwa barua.

Nilikuwa nakwenda kupanda daladala asubuhi. Mama mmoja, mtu mzima, ambaye hukaanga maandazi barazani nyumba ya tatu kutoka yetu, akaniita. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nilikusikia redioni."

Nikatabasamu, nikidhani nasifiwa.

"Umesema niende Kariakoo nikachukue unga wa mfuko mzima. Vema. Sasa nikishatoa fedha zote kwenye unga, sukari ya kesho nitanunua na nini? Na mafuta je? Au wateja wangu watalamba unga?"

Nilikosa la kusema. Akanifungia maandazi mawili kwenye karatasi, akakataa fedha, akaniambia niende kazini nikafikiri. Nimefikiri. Leo nimerudi kusahihisha nusu ya yale niliyosema, maana nusu nyingine bado naishikilia.

Kosa langu lilikuwa hili: nililijibu swali la "ninunue wapi" kana kwamba ni swali la mahali tu. Kumbe ni maswali manne yaliyofungwa pamoja: wapi, saa ngapi, kwa kipimo gani, na kwa fedha kiasi gani iliyopo mkononi kwa wakati mmoja. Ukijibu moja ukayaacha matatu, utapata bei rahisi na bado utalala umepungukiwa.

Kwanza niwaeleze wale wasioijua Ilala. Ninazungumzia mtaa wenyewe wa Ilala, si wilaya nzima. Ni mahali pa makazi palipo jirani kabisa na katikati ya jiji la Dar es Salaam. Ukitoka Mnazi Mmoja ukafuata Barabara ya Uhuru, unaiacha Kariakoo, unapita Karume, unaingia Ilala, unapita Amana, na ukizidi kwenda unatokea Buguruni. Maghorofa yamechomoza siku hizi, lakini nyumba nyingi za zamani bado ni zile zetu za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani nyuma. Kila chumba kina mpangaji wake, na kila mpangaji ana jiko lake. Naomba ukumbuke hivyo vyumba sita na majiko yake sita, nitavirudia baadaye.

Kuna wakati swali letu la leo halikuwapo. Mwaka 1976 ilipita Operesheni Maduka, ambapo maduka mengi ya watu binafsi yalifungwa ili kupisha maduka ya ushirika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari, sabuni na unga vikaadimika, watu wakapanga foleni, na bidhaa zikawa zinagawiwa kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi. Kisha mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na rafu zikaanza kujaa. Katika miaka ile ya foleni mtu hakuuliza anunue wapi. Alinunua pale alipokipata kitu. Leo vitu vipo tele, vinatutazama. Shida imetoka rafuni ikahamia mfukoni.

Haya, sasa tutembee.

Mahali pa kwanza ni dukani kwa Mangi. Neno Mangi ni cheo cha watawala wa zamani wa Wachaga, lakini Dar es Salaam ni jina la kila mwenye duka la pembeni mwa nyumba, kwa vile wengi wa wenye maduka hayo walitoka Kilimanjaro. Hata mwenye duka akiwa anatoka kwingineko, sisi tunakwenda kwa Mangi tu. Hapo utapata unga, sukari, mafuta ya kupima, kiberiti, sabuni ya kipande, majani ya chai ya paketi ndogo na vocha ya simu. Anafungua watu wakiwa bado kitandani na anafunga wengine wameshalala.

Bei yake iko juu, na mara nyingi haionekani kwamba iko juu, kwa sababu imegawanywa vipande vidogo. Tuchukue mfano, na hizi ni namba za kufanyia hesabu tu, wala si bei ya leo. Kilo ya sukari ni shilingi 3,000. Robo ingetakiwa iwe shilingi 750, lakini unauziwa 800. Hiyo hamsini hata huioni. Ukinunua robo nne kwa siku nne umelipa shilingi 3,200 kwa kilo ile ile. Fanya vivyo hivyo kwenye mafuta, mchele, sabuni na mkaa wa kopo, halafu jumlisha kwa mwezi. Ndipo utakapoona kwamba aliye na fedha kidogo ndiye anayeuziwa kwa bei kubwa. Sisemi Mangi ni mwizi. Kupima robo kunamtaka mfuko, muda na punje zinazomwagika, na fremu anayouzia huilipia kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Lakini gharama ile yote anailipa mnunuzi wa robo.

Mahali pa pili ni genge. Hapa ni nyanya, vitunguu, mchicha, bamia, nazi, ndimu na dagaa, vimepangwa juu ya meza au juu ya gunia lililotandikwa. Gengeni kipimo ni fungu, na fungu lina siri yake. Sukari ikipanda bei utaambiwa imepanda. Nyanya zikipanda, mara nyingi bei ya fungu hubaki pale pale, ila nyanya tano huwa nne, na nne huwa tatu, na ile ya chini imegeuzwa ubavu wake mzuri juu. Kwa hiyo gengeni usiulize bei tu, hesabu. Aliyezoea kuhesabu mafungu huijua hali ya mvua kabla ya kusoma gazeti, kwa sababu mvua zikizidi huko zinakotoka, nyanya huoza shambani na magari hukwama njiani.

Hata hivyo, genge lina haki yake. Nyanya haiwekwi akiba. Kaya ya watu wanne isiyo na jokofu ikinunua tenga zima kwa sababu ya bei ya jumla, itakula nyanya mbovu siku ya nne na kutupa zilizobaki siku ya tano. Kwa vitu vinavyooza, fungu la gengeni jioni, kiasi cha chungu cha usiku ule, laweza kuwa ndiyo bei rahisi kuliko zote.

Mahali pa tatu ni masoko yenyewe ya jirani. Tuna Soko la Ilala hapa hapa, na Soko la Buguruni mbele kidogo. Hapa ndipo wenye magenge nao huja kununua, na ndiyo maana saa ni jambo kubwa kuliko yote. Magari kutoka mikoani huteremsha mzigo usiku na alfajiri: nyanya na vitunguu kutoka Iringa na Morogoro, viazi kutoka Njombe na Mbeya, machungwa kutoka Muheza. Anayefika alfajiri anakutana na mzigo ukiwa bado mikononi mwa wanaouza kwa tenga na gunia. Anayefika saa nne anakutana na mzigo ule ule ukiwa umebadilisha mikono na umeongezwa faida ya mtu wa pili. Anayefika magharibi anakuta mabaki, na hapo kuna nafasi nyingine tena, kwa kuwa muuzaji hataki kulala na mchicha. Saa mbaya kabisa ya kwenda sokoni ni mchana, nayo ndiyo saa tunayopenda wengi wetu.

Nyama nayo ina saa zake. Bucha la mtaani ni zuri kwa nusu kilo ya jioni. Lakini mwenye shughuli, hitima au arusi, huenda alfajiri hadi Vingunguti kwenye machinjio, ambako atapata nyama nyingi kwa mara moja, pamoja na utumbo na makongoro. Na wa samaki huenda Feri, pale Magogoni, ambako samaki hupigwa mnada kwa fungu kubwa. Mnada si mahali pa mtu mwenye haja ya changu wawili. Hao wawili utauziwa na mchuuzi anayezunguka na baiskeli, na ile faida yake ni nauli yako ambayo hukuilipa.

Mahali pa nne ni Karume, kwa maana ya soko la Mchikichini, kwa nguo. Wakubwa wanakumbuka enzi nguo hizi zilipoitwa "kafa ulaya" na mtu akazinunua kwa kujificha. Leo mitumba inavaliwa ofisini bila aibu. Soko hilo liliteketea kwa moto Januari 2022, na wengi walipoteza mtaji wote usiku mmoja. Kanuni ya mitumba ni ya saa vilevile. Robota likifunguliwa asubuhi, wa kwanza huchagua na hulipa zaidi. Wa jioni huokota na hulipa kidogo. Anayetafuta shati la kwendea kwenye usaili aende asubuhi. Anayetafuta nguo za watoto za kuchezea asubiri jua lipungue. Na kabla hujalipa, inua nguo juu kuelekea mwangani, utazame kwapani na magotini.

Mahali pa tano, na hapa ndipo nilipowatuma wote juma lililopita, ni Kariakoo. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jengo la soko kuu, lililobuniwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, na serikali ikalijenga upya. Lakini hata soko lilipokuwa majivu, Kariakoo iliendelea, maana Kariakoo ni mitaa: Msimbazi, Kongo, Sikukuu, Swahili na mingineyo. Kuna mitaa ya vitenge, ya vyombo, ya simu, ya unga na mchele. Mfanyabiashara wa Lindi, wa Kigoma na hata wa nchi jirani huja kufunga mzigo pale.

Na hapo ndipo penye kosa la mnunuzi wa nyumbani. Anadhani bei ya Kariakoo ni bei ya mahali. La hasha. Ni bei ya wingi. Ukienda kuchukua kilo moja, utauziwa kwa bei inayokaribiana na ya mtaani, umetembea jua kali, umesukumwa, na huenda mfuko wako umepekuliwa na mtu usiyemjua. Bei ya jumla inaanza pale unapobeba dazeni, katoni au mfuko. Kwa hiyo kumwambia mtu asiye na fedha ya mfuko aende Kariakoo ni sawa na kumwelekeza kwenye mlango asio na ufunguo wake.

Pengine utauliza, na supamaketi je? Zina taa, zina bei zilizoandikwa, na hakuna wa kukubembeleza. Lakini tumeziona zikija na kuondoka: Shoprite iliuza maduka yake ya hapa kwa Nakumatt mwaka 2014, Uchumi ikafunga mwaka 2015, na Nakumatt nayo haikudumu. Genge lililokuwa nje ya mlango wao bado lipo. Kwa mkazi wa Ilala supamaketi ni mahali pa kitu kimoja kimoja kisichopatikana kwa Mangi. Lishe ya nyumba haitoki huko.

Sasa nije kwenye vipimo, maana hapa ndipo fedha zinapovuja kimyakimya.

Nafaka zetu nyingi sokoni hupimwa kwa sado, kile kindoo cha rangi cha lita nne, au kwa debe la lita 20. Sikiliza vizuri: lita si kilo. Sado haichukui kilo nne za mchele, wala debe la maharage halifiki kilo 20. Sado ya mchele na sado ya maharage hazina uzito mmoja, na nafaka yenye unyevu hulemea mizani ilhali ikikauka inapungua. Ukitaka kulinganisha sado ya mtu huyu na kilo ya yule, huna budi kuipima sado yako mara moja kwenye mizani unayoiamini, ukaandika, ukakumbuka.

Na sado zenyewe si ndugu wa baba mmoja. Mimi niliwahi kununua sado mbili za maharage katika soko moja hapa jijini. Muuzaji alijaza hadi kukawa na kilele kama kichuguu, nami nikamshukuru kwa ukarimu. Nyumbani nikapima, hazikufika uzito niliozoea. Juma lililofuata nikapita tena, nikaomba kukishika kile kindoo. Kitako chake kilikuwa kimebonyezwa kwa moto, kimeingia ndani kama kitako cha chupa. Kile kilele kilichonifurahisha kilikuwa kinanirudishia sehemu tu ya kile nilichonyang'anywa chini. Tangu siku ile, kabla ya kutazama juu ya sado, natia mkono ndani.

Mizani ndiyo salama zaidi, lakini nayo itazame. Sheria ya Vipimo inataka mizani ya biashara ikaguliwe kila mwaka, na Wakala wa Vipimo, iliyoanza mwaka 2002, huweka alama yake kwenye mizani iliyopita ukaguzi. Tafuta alama hiyo. Hakikisha mshale uko kwenye sifuri, sahani ikiwa tupu, kabla ya mchele kumwagwa. Usione haya. Muuzaji mwaminifu hakasiriki kutazamwa. Anayekasirika amekwisha kukujibu.

Hata mtungi wa gesi ni jambo la mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chake. Mtungi wa kilo sita ukiwekwa juu ya mizani unapaswa kuonyesha uzito ule ulioandikwa pamoja na kilo sita. Mwombe muuzaji aupime mbele yako. Ni dakika moja, na ndiyo tofauti ya kupika siku chache zaidi.

Jambo dogo jingine: tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku. Anayekwenda sokoni mikono mitupu hununua mfuko kila safari. Vikapu vya ukili vya mama zetu havikuwa ushamba.

Sasa nirudi kwa mama yangu wa maandazi, maana ndiye aliyenifunga mdomo. Nimekaa nikamfanyia hesabu, tena kwa namba za mfano. Tuseme anatumia kilo mbili za unga wa ngano kwa siku, na anafanya kazi siku 25 kwa mwezi. Hizo ni kilo 50. Kwa Mangi kilo ni shilingi 2,000. Kariakoo mfuko wa kilo 25 ni shilingi 42,500, yaani kilo ni 1,700. Kila kilo inamwokolea shilingi 300, na kilo 50 ni shilingi 15,000. Toa usafiri wa mifuko miwili, shilingi 2,000 kila mmoja. Zinabaki shilingi 11,000 kwa mwezi, kwa unga peke yake.

Kumbe nilikuwa sawa? Kwa hesabu ya mwezi, ndiyo. Kwa hesabu ya asubuhi, hapana. Kwa Mangi yeye anatakiwa kutoa shilingi 4,000 leo, na jioni zimerudi na faida. Kariakoo anatakiwa kutoa 42,500 kwa mpigo, na mtaji wake wote, unga, sukari, mafuta na mkaa, pengine haufiki hapo. Akiutia wote kwenye unga, kesho hana mafuta. Kwa hiyo kinachomzuia si ujinga wa hesabu, kama nilivyodokeza bila adabu juma lililopita. Anazuiwa na ukubwa wa hatua ya kwanza.

Na sasa vikumbuke vile vyumba sita. Nyumba yenye majiko sita inapika unga, mchele, maharage na sukari kila siku, na kila jiko linakwenda peke yake kwa Mangi kununua robo. Sita wanaonunua robo ni mnunuzi mmoja mkubwa aliyekatwa vipande. Watano tu wakikubaliana, mfuko ule wa 42,500 unakuwa shilingi 8,500 kwa kila mmoja, na kila mmoja anapata kilo tano. Usafiri wa shilingi 2,000 ukigawanywa ni shilingi 400. Jumla ni shilingi 8,900 kwa kilo tano, yaani shilingi 1,780 kwa kilo badala ya 2,000. Hakuna aliyekopa, hakuna aliyeua mtaji.

Hili si geni kwetu. Wanawake wa mjini wamecheza upatu tangu zamani, kila mmoja akitoa kidogo na mmoja akipokea kikubwa kwa zamu. Tofauti ni kwamba hapa mnagawana mfuko badala ya fedha. Lakini nimeona vikundi kama hivi vikivunjika, na havikuvunjwa na bei. Vilivunjwa na maneno. Kwa hiyo shikeni haya. Fedha zitolewe kabla ya safari. Anayesema nitalipa kesho asubiri mfuko wa kesho. Waende wawili, na zamu ibadilike. Mfuko ufunguliwe uani mbele ya wote na upimwe kwa mizani, si kwa bakuli la mtu. Anzeni na kitu kimoja kisichooza: mchele, maharage, unga au sabuni. Nyanya na mchicha muwaachie wenye genge.

Kuna mtu atakayesema: basi, kwa heri Mangi! Nakusihi usifanye hivyo. Mangi anauza kitu ambacho Kariakoo haikiuzi, nacho ni kukufahamu. Kwenye kaunta yake lipo daftari, na katika daftari lile yamo majina yetu, langu likiwamo. Mtoto akiamka na homa saa nne ya usiku, siku ya tarehe 27, hakuna soko la jumla litakalokupa sukari na kiberiti kwa neno lako tu. Ukimnyima Mangi biashara zote na kumwachia deni peke yake, atafunga, na usiku ule utagonga ukuta. Ninachosema ni kwamba usimgeuze kuwa ghala lako la kila siku. Vya akiba vitoke kwa jumla. Vya kupungukiwa vitoke kwake. Na deni la daftari lilipwe kabla jipya halijaandikwa, maana mwenye deni hana ulimi wa kuuliza bei.

Kwa kifupi, basi, ndugu msikilizaji. Kinachokaa, kichukue kwa wingi na kwa ushirika. Kinachooza, kichukue kwa fungu, ukihesabu. Cha dharura, kwa Mangi. Cha kuvaa, Karume, kwa kuchagua saa. Na popote unapokwenda, nenda na kikapu, na mkono wa kupapasa kitako cha sado.

Jana jioni nilipita tena barazani kwa mama. Nikamweleza haya yote, na hesabu nimeiandika kwenye karatasi. Akaisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza maandazi. Kisha akasema, "Hapo sasa umesema neno. Nyumba hii tuko wanne tunaoelewana. Umesema mfuko unataka watano."

Nikasema, "Ndiyo mama, watano."

Akanyoosha mkono wenye unga. "Basi leta shilingi zako 8,900."

Nimezitoa. Jumamosi, Mungu akipenda, zamu ya kwenda Kariakoo ni yangu. Kwa leo naishia hapa. Hadi juma lijalo, kwa heri.